Simu tatu kwenye aproni, dawa za saluni na mimba ya wiki nane

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 29 na mimba ya wiki nane. Iliyotangulia iliharibika mwaka juzi. Nina saluni ndogo ya kike Morogoro, na hapohapo nafanya uwakala wa pesa, kwa hiyo simu tatu zinakaa kwenye mfuko wa aproni yangu asubuhi mpaka jioni. Fremu ya jirani ni fundi samani, akipuliza vanishi harufu inatufikia wote. Juzi kwenye kundi la WhatsApp walituma video ya mayai ya kuku yaliyowekewa simu pamoja na kemikali, vifaranga vikatoka na ulemavu. Msemaji anadai mionzi ya simu ikikutana na kemikali, sumu inazidi mara kumi. Mume wangu kaninunulia stika ya kuzuia mionzi kwa shilingi elfu 25, na anataka tuache kulala kwenye neti kwa sababu ina dawa. Naona nimeshamharibu mtoto. Niache kazi? Halafu nisikufiche, napaka krimu ya kung'arisha ninayochanganyiwa dukani, na hamu ikinishika nakula udongo. Navyo vina shida?"

Marahaba, dada yangu. Hongera kwa mimba hii, na pole kwa ile iliyotangulia. Barua yako imeipa simu nafasi kubwa, krimu na udongo vikaja mwishoni kwa aibu. Nitajibu vyote, ila uzito nitaugeuza: simu nitaimaliza mapema, kwa sababu ushahidi dhidi yake ni mwepesi, kisha nitakaa kwenye yale uliyotaka kuyapita haraka. Na kabla ya lolote, katika uliyoyaandika sijaona jambo linaloonyesha kwamba umeshamharibu mtoto.

Simu huongea na mnara kwa mawimbi ya redio. Watu wengi huyaweka kapu moja na eksirei, na video za namna hiyo hupotokea hapo. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye molekuli na kukata nyuzi za DNA. Wimbi la simu halina nguvu hiyo. Chembe yake moja ya nishati ni dhaifu karibu mara milioni moja kuliko inavyotakiwa kwa kazi hiyo. Wala wingi wa mawimbi haubadilishi hilo: ukirusha punje za mchele ukutani, gunia zima litaisha na ukuta hautatoboka kama unavyotobolewa na msumari mmoja. Mawimbi ya simu yakiwa mengi mno, madhara yake yanayojulikana kwa uhakika ni kupasha mwili joto.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya usalama vimewekwa kwa kuangalia joto. Mwili mzima ukinyonya wati 4 kwa kila kilo, joto lake hupanda kwa takriban nyuzi moja. Kiwango kinachoruhusiwa kwa raia wa kawaida kimeshushwa mara 50 chini ya hapo, yaani wati 0.08 kwa kilo. Kwa sehemu ndogo ya kichwa au kiwiliwili iliyo karibu na simu, kiwango ni wati 2 kwa kilo, au 1.6 kwa hesabu ya Marekani. Simu nyingi zitakuonyesha kiwango chake ukibonyeza *#07#. Ongeza na hili: katika wiki ya nane mfuko wa uzazi bado uko ndani ya nyonga, nyuma ya mfupa wa kinena na kibofu, na mtoto ana urefu wa kama sentimita moja na nusu akiwa ndani ya maji. Damu yako inayopita pale kila sekunde huondoa joto dogo kabla halijajikusanya. Na miamala ya uwakala ni ya sekunde chache. Muda mwingi simu zako zimetulia tu.

Je, kuna utafiti kwa wanadamu? Upo. Huko Norway walifuatilia zaidi ya akina mama 45,000 na watoto wao, wakaangalia matumizi ya simu wakati wa ujauzito na maendeleo ya mtoto katika lugha na katika kutumia viungo vyake. Hawakuona madhara. Kwa wanyama, mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2023 kwa kazi iliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) yalikuta kwamba idadi ya watoto wanaozaliwa haipungui, ingawa uzito wao unaweza kupungua kidogo. Lakini wanyama hao, kwa sehemu kubwa, walipewa viwango ambavyo mjamzito mwenye simu havifikii. Sitakuambia kwamba swali limefungwa kabisa. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, kundi lililowekwa kwa sababu ushahidi ni mchache, si kwa sababu hatari imethibitishwa. Kwa hiyo zitoe simu kwenye aproni uziweke mezani. Hilo halikugharimu kitu, na mawimbi hufifia haraka sana kwa umbali. Stika, hapana. Kama kweli inaziba mawimbi, simu itaongeza nguvu ili iufikie mnara. Kama haizibi, mmenunua karatasi.

Sasa mayai. Majaribio ya kuweka simu karibu na mayai ya kuku ni ya kweli, yamefanywa maabara nyingi, na majibu yake yanapingana. Ila yai halina mama. Halina damu inayozunguka kulipoza, halina ini la kusafisha kemikali, na kiinitete chake kinategemea joto la nje kwa usahihi mkubwa. Nyuzi moja au mbili za ziada, ziwe za simu au za balbu, zinatosha kuharibu matokeo. Kemikali iliyochomwa moja kwa moja ndani ya ganda haijapita kwenye mapafu, ini wala kondo la nyuma. Jaribio kama hilo humpa mtafiti swali la kuendelea nalo. Kumhukumu mwanamke wa Morogoro kwa jaribio hilo si haki.

Hata hivyo aliyetengeneza ile video hakubuni kila kitu. Wazo la mawimbi na kemikali kuongezeana makali lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, waliwajali wafanyakazi ambao kiwandani huwa karibu na mashine za mawimbi ya redio huku wakivuta kemikali za kuyeyushia. Walichukua panya wajawazito, siku ya 13 ya mimba yao, wakawapa kemikali iitwayo methoksietanoli, iliyokuwa ikitumika kwenye rangi na wino. Wengine waliwekwa kwenye mawimbi makali, wengine wakapewa vyote viwili. Waliopewa vyote viwili walizaa watoto wenye ulemavu, hasa wa vidole, kwa kiwango kilichozidi waliopata kimoja tu. Kuongezeana makali kulikuwepo kweli.

Lakini angalia walivyofanya. Mawimbi yale yaliongezwa mpaka joto la ndani la panya likafika nyuzi 42, likabaki hapo kwa nusu saa. Hiyo ni homa ya kutisha. Tafiti zilizofuata za kikundi hichohicho zilionyesha kwamba kilichoshirikiana na kemikali ni joto la mwili wa mama. Joto likiwa la kawaida, ule ushirikiano hufifia. Simu yako haiwezi kukupandisha joto hata robo ya njia hiyo.

Malaria inaweza. Na hapa naomba umwite mume wako asome nawe. Joto kali la mwili wa mama katika wiki za mwanzo linajulikana kuongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, kwa sababu mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga mnamo siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, yaani wiki ya sita ukihesabu tangu hedhi ya mwisho. Wewe umeshapita hapo, lakini malaria haiishii kwenye homa: hukusanyika kwenye kondo la nyuma, hupunguza damu yako, humdumaza mtoto. Dawa iliyoko kwenye neti ni ya kundi la pairethroidi, ambayo mwili wa binadamu huivunja haraka, na kiasi kinachokupata usiku ni kidogo mno. Neti ikiwa mpya itandaze kivulini siku nzima kabla ya kuitumia. Kuacha neti ili kukwepa kemikali ni kumkimbilia adui mkubwa. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya koili inayofuka chumba kizima, hiyo ndiyo ningeiacha.

Ukipata homa, pima siku hiyohiyo. Usisubiri kwa kuogopa vidonge. Tangu 2022 WHO imekubali dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine kwa malaria ya kawaida hata katika miezi mitatu ya kwanza. SP, vidonge vya kukinga malaria, utaanza kupewa kliniki baada ya wiki ya 13.

Kemikali za saluni zinahitaji subira kidogo, kwa sababu hazifanani. Kinachoamua madhara kwa kiinitete ni mambo matatu: ni kitu gani, kiasi gani kimeingia mwilini, na wiki gani. Dunia ilifundishwa hilo kwa machungu na dawa ya usingizi ya thalidomidi, iliyouzwa kuanzia 1957 mpaka 1961 na kuacha watoto zaidi ya 10,000 wenye ulemavu, wengi wa mikono na miguu. Aliyeimeza ndani ya takriban wiki mbili mahususi za mwanzo ndiye aliyeathirika, na aliyeimeza baadaye mara nyingi alipona. Viungo vya mtoto hujengwa kati ya wiki ya tano na ya kumi tangu hedhi ya mwisho. Uko katikati ya kipindi hicho, ndiyo maana nakuomba ubadilishe mambo wiki hii badala ya kungoja mwezi ujao.

Relaksa za kawaida ni magadi makali. Huunguza ngozi na macho, lakini haziingii sana kwenye damu ya anayezipaka kama amevaa glavu. Rangi nyeusi za nywele vivyo hivyo: tatizo lake kubwa ni mzio. Ninayoiogopa zaidi ni ile dawa ya kunyoosha nywele inayoitwa keratini au Brazil. Nyingi zina formalini, ileile inayotumika mochwari, hata pale chupa inapodai haina. Pasi ya nywele yenye nyuzi joto zaidi ya 200 ikipita juu yake, mvuke hutoka na wewe umeinamia kichwa cha mteja. Hiyo usiifanye kabisa kwa sasa. Inayofuata ni kazi ya kucha, yaani asetoni, gundi na rangi zenye tolueni. Tolueni iko pia kwenye thina ya jirani yako, na wanawake waliovuta thina kwa makusudi ili walewe walizaa watoto wadogo wenye vichwa vidogo na sura zinazofanana na za watoto walioathiriwa na pombe. Kiasi chao kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko harufu inayopita dirishani kwako, nakuomba usijilinganishe nao. Lakini kizunguzungu au kichwa kuuma fundi akipuliza ni dalili kwamba hewa ya humo ndani haifai.

Tafiti za wasusi na watengeneza nywele katika nchi mbalimbali hazikubaliani: baadhi zimeona ongezeko dogo la mimba kuharibika au watoto wenye uzito mdogo, nyingine hazikuona kitu. Mimi nazisoma kwa namna hii: kazi yenyewe haikatazwi, ila hewa na glavu ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba usiache kazi. Suka, osha, seti, endelea. Kazi za dawa zipeleke karibu na mlango, feni iwe nyuma yako ikisukuma hewa nje, glavu za nitrili kila mara, na chakula kisiliwe humo. Jiko la mkaa la kuchemshia maji litoke nje, kwani kaboni monoksidi haina harufu na damu ya mtoto huing'ang'ania kuliko ya kwako. Na fundi, nenda kaongee naye kiungwana. Fundi mwenye watoto atakuelewa, anaweza kupulizia uani au jioni ukishafunga. Neno moja la pembeni: usimsukumie msichana wako wa kazi zile dawa unazozikimbia wewe. Huenda naye ni mjamzito na hajakwambia.

Nimefika kwenye krimu.

Krimu za kuchanganyiwa dukani, mkorogo, ndicho kitu katika barua yako kilichonitia wasiwasi wa kweli. Huijui imetengenezwa na nini, na aliyekuchanganyia pengine hajui pia. Zinazokutwa zaidi ndani yake ni zebaki, hydrokwinoni na steroidi kali. Zebaki hupita kwenye ngozi, huumiza figo zako na huvuka kondo la nyuma. Hydrokwinoni hunyonywa kwa wingi, zaidi ya theluthi ya kiasi unachopaka. Steroidi kali kama klobetasoli, zikipakwa mwili mzima kwa miezi, zimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Serikali za Tanzania na Kenya zilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hydrokwinoni, na mkataba wa kimataifa wa Minamata unalenga kuiondoa zebaki kwenye vipodozi, lakini sokoni bado vipo. Acha leo. Kama umetumia yenye steroidi kwa muda mrefu, ngozi inaweza kuwaka na kuwasha ukiacha ghafla, au ukajisikia mnyonge mno. Usirudie krimu, njoo hospitali tukusaidie kushusha steroidi hatua kwa hatua. Usilitupe kopo lake. Nitakuambia kwa nini.

Udongo nao. Najua kwamba hamu yake haina ubishi, na najua unauzwa sokoni kama bidhaa halali, ule mweupe na ule mwekundu. Sampuli zilizopimwa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zimekutwa na madini ya risasi, nyingine na arseniki. Kwa risasi WHO inasema hakuna kiwango kilicho salama. Huvuka kondo la nyuma bila kizuizi na hugusa ubongo unaojengwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wakafika mahakamani, na mwaka 2020 wakashinda. Huko risasi iliingia kwa vumbi, maji na hewa. Wewe unaitafuna mwenyewe kwa hamu.

Ulitaka kujua habari ya vitu viwili kukutana na kuzidishiana sumu, na mfano wake halisi uko mkononi mwako. Udongo hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Mwili ukipungukiwa chuma au kalisi, utumbo hufungua milango ya kutafuta madini, na risasi hupita kupitia milango hiyohiyo. Udongo mmoja unaleta risasi na wakati huohuo unaufanya mwili uipokee kwa wingi zaidi. Zaidi ya hapo, mjamzito mwenye upungufu wa damu huzidi kutamani udongo, na mzunguko unaendelea. Huhitaji simu hata moja kwa hilo kutokea. Kemikali zenye kazi inayofanana mwilini pia hujumlishana: katika majaribio ya panya, viwango vidogo vya kemikali kadhaa za plastiki na dawa za wadudu, kila kimoja peke yake kikiwa hakionyeshi kitu, vilipounganishwa vilibadilisha ujenzi wa viungo vya uzazi vya madume. Ndiyo sababu sikuambii "kidogo hakina neno" kwa krimu, udongo na thina vikiwa pamoja. Punguza vyote.

Mzunguko huo hukatwa na vidonge vya kliniki, vile vya madini ya chuma na foliki asidi tunavyoita FEFO: miligramu 60 za chuma, mikrogramu 400 za foliki. Vimeze kila siku, chai iwe mbali navyo kwa saa moja au mbili. Kula dagaa, maziwa, mboga za majani na limao. Wingi wa damu ukiongezeka, wengi hamu ya udongo huwapungua wenyewe. Mpaka hapo, wengine hujisaidia kwa barafu au karoti mbichi.

Kuhusu mimba iliyotangulia: takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema husababishwa na kasoro za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, zinazotokea yai au mbegu inapoundwa au mimba inapotungwa. Hata kwa mama asiyefanya kazi yoyote, kati ya mimba 100 zinazojulikana, kama 10 mpaka 15 hutoka, na kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama 3 huwa na kasoro fulani kubwa. Nakuambia namba hizi kwa sababu iwapo lolote litatokea, kuna watu watakaokuonyeshea kidole wewe, saluni yako na simu zako. Hawatakuwa na ushahidi.

Nenda kliniki wiki hii, usingoje tumbo lionekane. Chukua kopo la krimu, kipande cha udongo unaokula, na picha za chupa zote za saluni zikionyesha maandishi ya nyuma. Mwambie muuguzi kila kitu kama ulivyoniambia. Omba kupimwa wingi wa damu, mkojo kwa ajili ya figo, na kama umetumia krimu kwa miezi mingi, shinikizo la damu na sukari. Kipimo cha risasi au zebaki hakipo kila hospitali, lakini daktari anaweza kukuandikia rufaa, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima bidhaa zenyewe. Ultrasaundi ya kwanza ifanyike kabla ya wiki ya 13 ili tarehe zijulikane, na ya kuangalia viungo kati ya wiki ya 18 na 22. Kama damu itatoka, tumbo litakata upande mmoja au chini kwa nguvu, ukapata homa, ukazimia, au macho yakaona ukungu na kichwa kikauma sana siku za mbele, usiniandikie. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na mume wako aje nawe.